Nilivyopata nafuu ya maumivu ya kibofu kwa dawa ya kushusha kinga

Jamani wenye kibofu kinachouma na kila ukipima unaambiwa huna UTI, hii ni ya kwenu. Mimi nina intastishali sistaitisi, yaani mkojo ukioteshwa maabara hauoti vijidudu, antibayotiki umemeza mpaka umechoka, ila kibofu kikijaa kidogo tu kinawaka kama kimetiwa pilipili na usiku hulali, ni choo kitanda, choo kitanda.

Kwa vile nimekulia Tanga, daktari wangu huku Marekani alianza na kichocho, akatafuta mayai kwenye mkojo, akaja TB, na namshukuru mno maana dawa niliyokuja kupewa inashusha kinga, TB iliyolala inaweza ikaamka. Kote safi. Ndo nikapigwa nusu kaputi wakaingiza kamera, wakakuta madonda ya Hunner, mabaka mekundu kwenye ukuta wa kibofu. Wakayachoma nikapata nafuu, yakarudi, wakachoma tena, yakarudi.

Hapo ndo ikaja siklosporini, ile wanayomeza waliopandikizwa figo. Niliogopa sana. Daktari akanionyesha utafiti wa Finland wa 2005, wagonjwa 64, nusu walipewa hiyo na nusu pentosani, dawa nyingine ya kibofu, waliopata nafuu ni 75% kwa siklosporini na 19% kwa pentosani. Akaniambia pia inasaidia zaidi wenye madonda ya Hunner kuliko wasio nayo, kwa hiyo kama hujawahi kuangaliwa kwa kamera ulizia hilo kwanza, mi naona ndo swali kubwa kuliko yote.

Nilianza na miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni. Nafuu ilikuja polepole, sikuamka siku moja nikakuta nimepona, ila nikaanza kulala. Kazi kubwa ni kuchunga figo na presha, maana dawa hii inaweza kuumiza figo na kupandisha presha. Mashine ya presha iko pembeni ya kitanda, kila asubuhi nakaa kimya kwanza, nafunga mkono, naandika kwenye daftari, na hilo daftari ndo lilionyesha presha inapanda kidogo kidogo, dozi ikapunguzwa kabla figo hazijaguswa. Siku ya kupima damu dawa ya asubuhi naibeba kwenye mkoba, nameza nikishatolewa damu, ili wapime kiwango kilichobaki mwilini. Mikono ilitetemeka mwanzoni, vinyweleo vikaongezeka usoni, fizi nazo zikavimba, hapo mswaki laini na daktari wa meno ni lazima.

Balungi nimeacha kabisa, linapandisha dawa kwenye damu. Diklofenaki na brufeni pia, zinaumiza figo, nikiumwa kichwa nameza panadol. Na dada zangu mnaosafiri kwenda nyumbani, chanjo hai kama ya homa ya manjano huchomwi ukiwa kwenye hii dawa, mwombe daktari barua mapema kabla hujakata tiketi.