Umerudi nyumbani? Zunguka vijiji vya Dodoma kwa gari la kulala na baiskeli

Wengi tuliorudi kutoka ughaibuni tunaijua Dodoma ya lami tu: stendi, hoteli, ofisi za serikali, basi. Ndugu wapo Mvumi, shangazi yuko Mpwapwa, kaburi la babu liko Kondoa, na huko tunafika kwa msiba au harusi na kugeuza siku hiyohiyo. Gari la kulala na baiskeli vinaweza kukurudishia nchi hii, mradi kila kimoja kipewe kazi yake. Gari likae penye barabara nzuri na watu. Baiskeli ndiyo iingie ndani. Wanaokwama mara nyingi ni wale waliolilazimisha gari kufanya kazi ya baiskeli.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mkazi anayerejea kuishi nchini kuingiza gari moja bila ushuru wa forodha, ikiwa amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12 au zaidi. Basi dogo la abiria zaidi ya 13 halimo. Hata hivyo msamaha huo usikufanye upakie melini chochote ulicho nacho. Kempa (magari ya kulala) mpya za dizeli kutoka Ulaya zina kichujio cha moshi na zinahitaji AdBlue, kimiminika cha kupunguza sumu ya moshi, ambacho usitegemee kukipata Kibaigwa. Za Marekani zina usukani wa kushoto na vifaa vya volti 120, wakati umeme wetu ni volti 230. Ushauri wangu ni Toyota Hiace ya hapahapa, uitengenezee kitanda na kabati kwa fundi seremala. Ikiharibika, vipuri vipo na fundi anaijua.

Kwa umeme, friji ndogo ya lita 40 kwenye joto la Oktoba hula kama wati-saa 400 hadi 500 kwa siku. Paneli ya wati 200 inaitosha ikiwa safi, na hapo ndipo penye kazi, maana vumbi jekundu la Dodoma hurudi kila siku. Ifute kila asubuhi kabla jua halijapanda. Betri isikae karibu na viti vya mbele, kwa sababu injini ya Hiace iko chini ya viti hivyo na joto huiua betri mapema. Gesi nunua mtungi na regulata yake dukani papo hapo. Regulata uliyokuja nayo huenda isiingie.

Maji yanataka akili zaidi. Vijijini huunganishi mpira kwenye bomba: unateka kioski kwa ndoo ya lita 20, kwa hiyo tangi liwe na mdomo mpana na uwe na faneli yenye kitambaa cha kuchujia. Onja kabla ya kujaza. Visima vingi vya kanda hii vina maji ya chumvi, na kichujio cha kawaida hakiondoi chumvi hata kiwe cha bei gani. Basi tenganisha: tangi la kuogea na kuoshea vyombo, na madumu ya kunywa yaliyojazwa mjini. Anayeendesha baiskeli juani kutwa nzima atahitaji lita 5 au 6 za kunywa peke yake.

Sasa baiskeli. Chagua yenye rimu za inchi 26, kwa kuwa tairi na tyubu zake ndizo utakazozipata hata kwenye mnada. Tahadhari na namba 28. Baiskeli zetu za kazi, kama Phoenix, zimeandikwa 28 na za Ulaya nazo 28, lakini rimu ya kwetu ina kipenyo cha milimita 635 na ya Ulaya 622. Tairi haiingii, hata fundi avute namna gani. Vali nayo iwe nene kama ya gari. Ile nyembamba ya Ulaya haishiki pampu nyingi za vijijini, labda ubebe kiunganishi chake.

Adui mkubwa ni mbigili. Okota kitunda chake kimoja ukitazame: kipande kigumu chenye miiba iliyoelekea pande mbalimbali, kiasi kwamba kikianguka vyovyote, mmoja utatazama juu. Hutambaa kandokando ya njia, hasa pale unapokanyaga ukimpisha bodaboda. Weka dawa ya kuziba pancha mililita 60 hadi 100 kila gurudumu, na bado ubebe tyubu mbili. Ukipata pancha, usiharakishe kurudisha tyubu. Pitisha kipande cha kitambaa ndani ya tairi yote. Kitanasa kwenye ncha ya mwiba ambayo jicho halioni. Wengi hutoboka tena baada ya mita 200 kwa sababu ncha ilibaki mlemle. Kiraka nacho hubanduka kwa sababu ya haraka tu: piga msasa, paka gundi, subiri dakika 5 ikauke, ndipo ubandike na kukandamiza.

Upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki na hukaza mchana. Ondoka saa 12 asubuhi kuelekea unakotoka upepo, urudi nao mgongoni. Barabara kuu ya Dodoma hadi Manyoni usiendeshe baiskeli: malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo ni mengi na hayakupishi.

Safari ya kuanzia iwe Kondoa. Lami inafika hadi Babati, hivyo gari litatulia. Pale Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale. Jiandikishe, chukua mwongozaji, acha gari, panda baiskeli hadi njia ya mawe ikushinde, kisha miguu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya maeneo bado ni ya matambiko, kwa hiyo uliza kabla ya kugusa au kupiga picha.

Kulala kijijini kunaanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji au kwa mwenyekiti, jua likiwa bado juu. Kwa Wagogo anza na "mbukwenyi", jitambulishe kwa jina la ukoo na kwenu, saini kitabu cha wageni, omba uonyeshwe mahali. Ukionyeshwa chini ya mti, inua macho kwanza: mizinga ya nyuki hutundikwa kwenye mibuyu na migunga, na muungurumo wa injini huwachokoza.

Usilale korongoni, hata mchanga ukiwa mkavu na laini kiasi gani. Mvua ikinyesha milimani, maji yanakufikia huku kwako anga ni nyeupe. Kuanzia Desemba hadi Aprili, tope la mbuga za Bahi hujaa kati ya tairi na madigadi ya baiskeli mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Fungua madigadi, ubebe kijiti cha kukwangulia, na gari lisiache lami.