Uso wangu chini ya taa ya Wood

Jumamosi iliyopita nilikwenda saluni moja hapa Ibanda, Bukavu, kwa ajili ya madoa ya kahawia yaliyonibaki mashavuni tangu mimba yangu ya pili. Kabla ya kunipaka asidi ya kuchuna ngozi, mhudumu alifunga mapazia, akashika taa ndogo ya mwanga wa zambarau karibu shubiri moja kutoka usoni pangu, kisha akanipa kioo. "Mama, angalia mwenyewe, uchafu umejaa hadi ndani." Kweli, kando ya pua vilionekana vidoti vyekundu kama makaa, na shavuni uling'aa mstari wa buluu ulionishtua, mpaka nilipoupitishia kidole nikaukuta ni uzi wa taulo.

Taa hiyo huitwa kwa jina la Robert Williams Wood, mwanafizikia wa Marekani aliyebuni kichujio chake mwaka 1903. Tangu 1925 madaktari wameitumia kutambua fangasi wa nywele. Mionzi yake ya urujuanimno, ya nanomita 365 hivi, hunyonywa na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ndiyo maana doa lililo katika tabaka la juu la ngozi huzidi kukolea, lililozama ndani hubaki kama lilivyo, na baka la mbalanga, lisilo na melanini, hung'aa kwa weupe wa buluu. Vile vidoti vyangu havikuwa uchafu hata kidogo: ni porfirini, kemikali zinazotengenezwa na bakteria wa chunusi wanaoishi katika vinyweleo vya kila mtu.

Tatizo ni kwamba ngozi nyeusi kama yangu imejaa melanini kila mahali, hivyo tofauti kati ya doa la juu na la ndani haionekani vizuri, na mtu anayepima ukali wa asidi ya kuchuna ngozi kwa taa hiyo pekee anabahatisha. Ngozi yetu ikiunguzwa inaweza kubaki na weusi mkubwa kuliko ule uliotibiwa.

Nilimwomba arudie. Nikanawa kwa maji matupu, nikaacha uso ukauke wenyewe, maana krimu na hata mabaki ya sabuni hung'aa chini ya mwanga huo, na tukakaa gizani dakika kadhaa ili macho yazoee. Vidoti vilikuwapo, madoa hayakubadilika hata chembe. Mhudumu aliyatazama kwa muda, akasema, "Basi asidi tuiache, Mama," akaifunika chupa aliyokwisha kuifungua. Nililipia kusafishwa uso na krimu ya kuzuia jua.