Sote Nani?

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii sina somo lililopangika. Nina neno moja tu lililonikaba kooni tangu tuliporudi: "sote".

Wengi wenu mmeziona picha. Tulikuwa tisa wa ushirika wa nyumbani, tukakodi matatu hapa Mombasa, tukapita Voi na Mwatate mpaka Taveta, tukapiga mahema kwenye ukingo wa Ziwa Chala. Kwa asiyelijua, ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano ya kale, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati yake. Huoni mto ukiingia. Maji yake mengi huja chini kwa chini kutoka upande wa Kilimanjaro. (Mahubiri ya maji yaliyofichika nilikuwa nimeshayaandaa, na vifungu vyake. Yatangoja.)

Jumamosi tuliteremka mpaka majini. Kuogelea hatukuthubutu, kuna mamba. Kushuka ni kuteleza na changarawe. Kazi ni kupanda, tena jua la saa saba likiwa utosini. Ndugu yetu mmoja, aliyemzika mamake mwezi wa pili na tangu hapo hana nguvu wala hamu ya kula, akaketi juu ya jiwe. Kiongozi wa safari nilikuwa mimi. Nikamwambia, "Pumzika kidogo, tutakutana juu," nikaenda zangu, kwa sababu vijana walikuwa wametangulia nami sipendi kuachwa. Hiyo ndiyo kweli, sina nyingine.

Kule juu tuliimba, tukapasha mbaazi, tukatoa mahamri tuliyotoka nayo nyumbani. Nikaombea chakula: "Baba, asante kwa kuwa umetufikisha sote salama." Wakaitikia amina. Dada aliyekuwa akipakua akabaki na sahani moja mkononi. "Hii ya nani?"

Nilimkuta katikati ya mteremko, anapanda kwa mikono na magoti, viganja vimechubuka. Hakunilaumu. Alisema tu, "Niliwasikia mkiimba."

Tangu siku hiyo nasoma Kumbukumbu la Torati 25, pale Musa anapowakumbusha Israeli vile Amaleki, adui yao, alivyowatenda njiani walipotoka Misri. Aliwapiga wa nyuma, wanyonge, waliochoka. Miaka yote nimehubiri ubaya wa Amaleki. Sijawahi kuuliza waliokuwa mbele walikuwa wanatazama wapi, mpaka pengo likawa kubwa kiasi cha adui kuingia.

Kanisani tuna neno tunalolipenda: "amerudi nyuma". Fulani haonekani ibada ya Jumatano, amerudi nyuma. Mama fulani hatoi mchango siku hizi, amerudi nyuma. Nawauliza kwa upendo, nikianza na mimi: alirudi, au aliachwa? Maana ndugu yule hakurudi nyuma hata hatua moja. Muda wote alikuwa anapanda. Sisi ndio tulioondoka. Mtu anafutwa kazi, anaona aibu kuja bila sadaka, nasi tunamwekea viganja vya maombi kwenye WhatsApp na kuendelea na ratiba. Anafiwa, tunajaa matangani siku tatu, siku ya arubaini hata simu hapigiwi. Halafu tunasimama madhabahuni na kumshukuru Mungu kwa kutufikisha sote. Sote nani? Hesabuni sahani, wapendwa! Kabla ya amina, hesabuni sahani!

Yakobo, kwa ujanja wake wote, hapa alitushinda. Nduguye Esau alimtaka waende pamoja, naye ana watu 400, mwendo wa kijeshi. Yakobo akakataa: watoto ni wachanga, wanyama wananyonyesha, nitaongoza polepole kwa mwendo wao. Mwanzo 33. Na kumbukeni ametoka kushindana mweleka kwenye kivuko cha Yaboki usiku uleule, nyonga imeteguka. Labda ndiyo maana alielewa.

Jumanne nilivuka kwa feri, nikaenda kwa ndugu yule, Likoni. Sikubeba somo. Tulikaa barazani, akaanza kunisimulia habari za mamake, alivyokuwa akiwafokea wachuuzi wa samaki na bado wakimwongezea. Saa kumi na moja nilikuwa na kikao cha wazee ng'ambo. Niliwatumia ujumbe waanze bila mimi.