Kiwanda cha Maziwa Kikigeuzwa Soko, Maziwa Yabaki

Juma lililopita nilisimama mbele ya jengo lililokuwa la kupokelea na kusindikia maziwa katika mji wetu mdogo hapa mkoani Dodoma, ambalo wakazi tunaomba lifufuliwe liwe soko. Bati zimeliwa na kutu, lakini sakafu ya saruji bado inateremka taratibu kuelekea kwenye mfereji wa katikati, kuta zina vigae hadi usawa wa kifua, na kibaraza cha kushushia keni kutoka kwenye malori hakijapata ufa. Aliyewahi kuuza nyama au mboga kwenye vumbi la mnada anajua thamani ya sakafu inayooshwa ikakauka.

Nakubaliana na ombi hilo kwa moyo wote, ila nina sharti moja: maziwa yasifukuzwe humo.

Viwanda vya maziwa vya umma, kama vile vya Arusha, Musoma, Tabora na Mbeya, vilikuwa chini ya Kampuni ya Maziwa Tanzania, na kwa miaka mingi vilitegemea maziwa ya unga na mafuta ya siagi yaliyotoka nje kama msaada, yakachanganywa na maji na kuuzwa mijini. Msaada ulipopungua, mitambo ilikosa cha kusindika, wakati maziwa ya mfugaji yalikuwa yakichachia njiani. Jambo hilo huniuma kwa sababu kituo cha mifugo cha Mpwapwa kilianzishwa mwaka 1905, na ndiko lilikozalishwa kabila la ng'ombe linaloitwa Mpwapwa, lililokusudiwa kutoa maziwa na nyama katika nchi kame kama hii yetu. Masika maziwa hufurika, kiangazi hukauka; kati ya nyakati hizo mbili kinachokosekana ni mahali pa kuyapooza.

Huko Amsterdam, jengo lililokuwa kiwanda cha maziwa liligeuzwa kituo cha sanaa na muziki mwaka 1970, likaitwa Melkweg, yaani njia ya maziwa. Ni kazi nzuri, lakini maziwa yalibaki kwenye jina tu, na sisi hatuwezi kuridhika na jina.

Chumba kilichokuwa cha baridi kiwekewe tangi la kupoozea maziwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Kando yake pawe na jiko la kuyapashia joto la nyuzi 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, kazi inayowezekana kwa sufuria kubwa, kipimajoto na mtu makini. Akina mama wanaokaa juani na vibuyu vya maziwa mgando wapewe meza zilizo karibu na bomba kabla ya mfanyabiashara mwingine yeyote kugawiwa nafasi. Wauza nyanya, karanga, uwele na mitumba watapata pao, kwa kuwa ukumbi ni mpana.

Katika mkutano ujao wa mtaa nitaomba hilo la meza liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na idadi yake.