Siku Moja Maishani Mwangu: Kuogelesha Wageni Kwenye Maji ya Barafu

Saa 11:30 alfajiri. Tumetia nanga karibu na kisiwa cha Cuverville, Rasi ya Antaktika. Ni Januari, kiangazi cha huku, jua limeshachomoza zamani. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaoogelea kwa miwani na mrija wa kupumulia, kwenye maji ya nyuzi 0, pengine chini kidogo. Bahari haigandi mpaka karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Nyumbani Nungwi wakiona picha hudhani nashinda nacheza na pengwini. Kazi hasa ni kuvalisha watu.

Chai, taarifa ya upepo, kukagua boti: vyote vimekwisha kabla ya saa 1:30.

Saa 2. Chumba cha kuvalia. Suti zetu haziingizi maji. Ndani unavaa nguo za sufu, na shingoni na mikononi kuna mpira mwembamba unaobana ngozi. Mpira huo ndio uhai wa mtu. Ukipita unywele au ukingo wa nguo chini yake, maji yanapenya. Naupaka poda, naunyoosha kwa vidole vyote, naupitisha kichwani taratibu. Hereni na kucha ndefu huuchana.

Leo bwana mmoja alinichosha kwelikweli. Mpira unamkaba, anasema. Nikamweleza kwamba unabana kila mtu. Akasema yeye ameshapiga mbizi bahari nyingi. Akaivua suti, tukaanza upya. Muda wote huo wenzake wanatoka jasho ndani ya sufu, na sufu iliyolowa jasho ndiyo itakayowatetemesha baadaye. Nikageuka kumfungia mama mmoja zipu ya mgongoni. Kurudi, bwana kachomeka kola ya fulana chini ya mpira apate nafuu. Nikaitoa. Akanuna. Tulipofika kwenye boti ya mpira nikamkagua tena, maana uso wake haukunituliza. Kola imerudi pale pale!

"Samahani bwana, leo huingii majini."

Akatishia kunishtaki. Nikampigia redio kiongozi wa safari mbele yake, naye akajibu: "Abaki botini." Namshukuru sana.

Waliobaki wakaingia. Midomo hufa ganzi kwanza, kisha paji la uso linauma. Halafu mtu anatazama chini, anasahau yote: mwani mrefu, viti vya pweza kwenye mawe, konyeza wadogo wanaometameta. Mimi macho yangu yako kwingine. Mlima wa barafu unaweza kupinduka ghafla, hivyo hatuukaribii. Na kuna sili chui, mnyama mkubwa wa baharini anayewinda. Mwaka 2003 mtafiti wa Uingereza aliyekuwa akiogelea hivi hivi karibu na kituo cha utafiti cha Rothera, huku huku Antaktika, aliuawa na mmoja wao. Akionekana tu, nainua mkono, wote wanapanda boti, hakuna mjadala.

Mchana kikundi kingine, mambo yale yale. Baada ya hapo sikutazama saa tena. Kusuuza suti kwa maji baridi, kuzitundika, kukagua kila mpira kwenye mwanga. Mmoja umechanika, nimeugundisha, na vidole vyangu havikunjiki vizuri.

Bwana yule amejiandikisha tena kesho. Nimemtafutia suti yenye shingo pana kidogo, nimeitundika peke yake. Nitamvalisha mwenyewe, wa mwisho kabisa, wenzake wakiwa wameshateremka botini kupigwa na upepo.