Nilivyojifunza kuchagua hei ya sungura

Julai ya mwaka juzi, jike wangu wa kijivu aligoma kula. Asubuhi nilikuta pumba za jana zimebaki vilevile, na chini ya banda vinyesi vichache, vidogo kama punje za mtama, vingine vimeshikana kwa manyoya kama tasbihi. Afisa mifugo alipofika kwangu Buswelu, hapa Mwanza, hakuanza na dawa, aliuliza, "Majani makavu anapata?" Nikamwambia anakula pumba, kabichi na mchicha. Akatikisa kichwa. Tumbo la sungura linasukumwa na nyuzinyuzi, alisema, zikikosekana linasimama. Na meno yake hayaachi kuota maisha yote. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kutwa kucha. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ndiyo chakula chenyewe, hivyo vingine ni nyongeza.

Jike alipona. Mimi nikaanza kuhangaika kutafuta hei.

Robota la kwanza lilikuwa majani ya mpunga. "Dada, hii ng'ombe wanaigombania," muuzaji aliniambia. Sungura waliyalalia. Mpunga ukishavunwa, kinachobaki ni bua gumu lisilo na lishe ya maana. Nikaagiza alfalfa kutoka Arusha, na hiyo waliifakamia. Baada ya wiki chache mkojo wa wakubwa ukawa mzito na mweupe kama maji ya chokaa. Alfalfa ina protini na kalsiamu nyingi: inawafaa watoto wanaokua na jike anayenyonyesha, lakini kwa mkubwa asiyezaa inazidi mno. Kwa Kiingereza alfalfa huitwa pia lucerne, lakini ukiambiwa "lusina", uliza vizuri, kwa sababu huku kwetu hilo ni jina la mti, na majani yake sungura akiyala kwa wingi yanamnyonyoa manyoya.

Agosti nikaenda Kisesa kwa babu mmoja mwenye ngitili, yale malisho tunayoyafungia ng'ombe mpaka kiangazi. Nyasi zilikuwa ndefu, za dhahabu, nikafurahi. Babu akavunja bua moja mbele yangu, likalia kama kijiti cha kuni. "Mayu, hii ya ng'ombe mwenye njaa. Ungekuja Mei, kabla haijakomaa mbegu."

Nilikuwa nauliza jina la nyasi, kumbe swali ni zilikatwa lini. Zikianza tu kuchanua, jani bado ni laini na nyuzinyuzi zipo za kutosha. Zikishakomaa mbegu, lishe inashuka na bua linakuwa mti.

Mei iliyofuata nilikata nyasi za Rhodes mwenyewe, asubuhi umande ukishakauka, nikazitandaza juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, palepale mama alipokuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Jiwe la Mwanza likishika jua linakausha kuliko ardhi. Nilizigeuza mara tatu kwa siku na jioni nikazifunika turubai, maana unyevu wa ziwa unarudi usiku. Siku ya tatu nilitia kiganja cha nyasi kwenye chupa yenye chumvi kavu, nikafunga, nikatikisa. Chumvi iligandana. Nikaanika siku moja zaidi, nikajaribu tena, ikabaki inamwagika. Ndipo nikafunga marobota.

Nikinunua siku hizi, siridhiki kwa kuliangalia robota kwa nje tu. Nachomeka mkono mpaka katikati. Pakiwa na joto au unyevu, naliacha. Natoa kiganja kimoja, nanusa: hei nzuri inanukia tamu kidogo, na rangi yake ni ya kijani iliyofifia kama nsansa, majani ya kunde, iliyokaushwa vizuri. Ikitoa vumbi au harufu ya ukungu, hata nikipewa bure siichukui. Sungura hawezi kutapika, akishakula kibaya ndiyo kimeingia.

Vinyesi sasa ni vikubwa, vya mviringo, ukivibonyeza vinavunjika na unaona nyasi ndani. Juzi yule jike wa kijivu, mwenye mimba, alikuwa anabeba hei mdomoni, fungu baada ya fungu, anaipanga kwenye kona ya sanduku la kuzalia. Nimemwongezea nusu robota.