Nguruwe wa Marekani

Mwaka 2018 nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo hapa Mtwara. Julai ile kusi lilikuwa limeshika, na harufu ya shamba kubwa la kuku wa mayai nje kidogo ya mji ikawa inaingia nyumba za watu bila hodi. Nikaenda na simu yangu kurekodi.

Bibi mmoja alinikaribisha mkekani, akanionyesha mtungi wake. Ameufunika kwa sahani, juu ya sahani kanga, na inzi wamejipanga kwenye pindo la kanga kama shanga. "Mjukuu wangu, haya ndiyo maji ya kunywa," alisema, akashikwa na kikohozi mpaka nikasimamisha kurekodi.

Amonia ya mavi ya kuku ikizidi huwasha macho na kukereketa koo. Hilo nililisoma, sikulitunga. Ili kipindi kisionekane umbea wa mtaani, nikaongeza habari za North Carolina, Marekani. Kule kinyesi cha nguruwe hukusanywa kwenye mabwawa ya wazi, kisha hurushwa mashambani. Aprili mwaka ule majirani kumi walishinda kesi, wakapewa zaidi ya dola milioni 50, zikashushwa hadi milioni 3.25 kwa ukomo wa sheria ya jimbo. Juni, wabunge wa jimbo wakapitisha sheria ya kuzibana kesi za namna hiyo.

Meneja wa vipindi alisikiliza yote kimya. Tangazo la wale wa kuku tulilirusha mara tatu kwa siku, na Idd walikuwa wametuletea trei za mayai. Yangu niliyala, sisemi uongo.

"Mdogo wangu, simu imeshapigwa," alisema. Nani aliwadokeza, sijajua mpaka leo. "Nguruwe waache. Kuku toa."

"Na bibi?"

"Bibi si anakohoa kwa ajili ya kuku?"

Nikakata. Palipopwaya tukajaza taarabu.

Siku ya pili nikapita kule. Redio ya betri bado ilikuwa pale kibarazani, na mikeka miwili imetandikwa. Kumbe alikuwa amewaita majirani waje wamsikie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Ilichelewa kutoka. Akanitazama. "Tumekusikiliza mpaka mwisho. Sasa mjukuu wangu, hapa kwetu nani anafuga nguruwe?"